Kwa nini pikipiki kwenye filamu humtoa baba nyumbani?

Mama wa Mlaleo, Mombasa, aliuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu, na wasioamkiana kwa salamu hiyo nawaamkia kwa heshima vilevile.

Nina jambo ambalo limenikaa moyoni kwa majuma kadhaa. Mwanangu wa kwanza ana miaka 15, na tangu shule zifungwe amekuwa akitazama Sons of Anarchy, tamthilia ya Kimarekani juu ya genge la waendesha pikipiki, aliyojaziwa kwenye flashi na kijana wa duka la filamu hapa mtaani. Nilipojua yaliyomo niliichukua ile flashi, kwa maana si kitu cha mtoto wa umri wake, lakini badala ya kuirudisha dukani nilikaa usiku nikaitazama mwenyewe, sehemu baada ya sehemu, nipate kuelewa ni nini hasa kilichomnasa. Kwenye jalada la daftari lake la hisabati amechora pikipiki, na chini yake ameandika jina la Jax, shujaa wa tamthilia hiyo, kwa wino mwekundu.

Linaloniuma ni hili. Baba yake ni mwanaboda. Ana Boxer ya 150 ambayo tunailipia mkopo wa miezi 18, na imebaki miezi saba. Alfajiri hupakia magunia ya vitunguu soko la Kongowea, saa moja humpeleka binti yetu mdogo shuleni, kisha hushinda stejini mpaka usiku. Pikipiki hiyo ndiyo karo, ndiyo kodi ya nyumba, na ndiyo iliyonifikisha hospitalini usiku niliposhikwa na uchungu wa kitinda mimba. Na mwanangu huyuhuyu anayemchora Jax, baba yake akimfuata shule humwomba amshushe kabla ya kufika langoni, wenzake wasimwone.

Nimejaribu kukumbuka filamu zote nilizowahi kutazama, na katika karibu zote pikipiki ni chombo cha kumwondoa mwanamume nyumbani: mke anasimama mlangoni, mume anawasha, vumbi linabaki. Je, hakuna filamu au tamthilia ambamo pikipiki ni sehemu ya nyumba kama ilivyo kwetu? Nauliza pia kwa sababu sisi kina mama watatu tunawaonyesha watoto wa mtaa filamu kila Ijumaa jioni, ukutani, kwa projekta ya kuazima, na ningependa siku moja wakae watazame kitu kinachofanana na maisha ya baba zao.

Mwalimu Mstaafu, Tudor, alijibu:

Aleikum salaam, Mama. Maneno yako nimeyasoma mara mbili, na hapo pa kushushwa kabla ya lango nimepasoma mara ya tatu, kwa kuwa nimefundisha miaka mingi na nimewaona watoto wengi wakishuka mbali na lango.

Kwanza nikwambie kwamba tamthilia hiyo unayoihofia ni kisa cha familia kuliko ilivyo kisa cha pikipiki. Mtungaji wake, Kurt Sutter, hakuficha kwamba aliijenga juu ya Hamlet, mchezo wa kuigiza wa Shakespeare. Kuna mfalme aliyekufa, naye ni John Teller, mmoja wa waasisi wa klabu. Kuna malkia, Gemma, aliyeolewa na Clay, sahibu wa marehemu, ambaye sasa ndiye anayekalia kiti cha mbele. Na kuna mwana wa mfalme, Jax, ambaye anayakuta maandishi aliyoyaacha baba yake na kuanza kujiuliza ni njia gani aliyorithishwa. Ilionyeshwa Marekani kuanzia 2008 hadi 2014, misimu 7, sehemu 92, na kwa maoni yangu vita vilivyo vizito kuliko vyote humo si vya genge na genge, bali ni vya mama mkwe na mke wa mwana, Gemma na daktari Tara, wakivutana juu ya watoto wawili wadogo, Abel na Thomas. Tara anataka kuwatoa watoto katika mji ule. Gemma hawezi kuvumilia kuwakosa. Kinachotokea jikoni mwishoni mwa msimu wa sita umeshakiona, au utakiona, nami sitakieleza hapa.

Mwanao alifika msimu wa ngapi? Misimu ya mwanzo inampamba Jax, ya mwisho inamhukumu. Katika sehemu ya mwisho kabisa Jax anawaacha watoto wake mikononi mwa watu wengine, na ombi lake ni kwamba waelezwe ukweli wote juu yake, wakue wakichukia hata kumfikiria, wasije wakafuata nyayo zake. Kisha anapanda pikipiki ya marehemu baba yake na kujiingiza mbele ya lori, kama alivyokufa baba yake. Huyo ndiye mtu ambaye mwanao ameandika jina lake kwa wino mwekundu, na yeye mwenyewe aliomba jina hilo lisitukuzwe.

Sisi watu wa pwani tulilelewa na kisa cha Fumo Liyongo, shujaa aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe wa kumzaa, kijana aliyehadaiwa kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme. Hakuna bibi aliyetusimulia kisa hicho akakiachia pale Liyongo anapokata minyororo na kutoroka gerezani. Walitufikisha mpaka kisimani, watu wakiogopa kusogea, na mama yake akimbembeleza mtu ambaye tayari alikuwa maiti, amepiga goti na upinde mkononi. Kijana anayetazama misimu miwili ya Sons of Anarchy akaridhika ni sawa na aliyelala baada ya minyororo, kabla ya sindano.

Fundi wa Pikipiki, Majengo, alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Mama, pole na hongera kwa pamoja.

Mimi nitasema ninayoyajua kwa mikono. Pikipiki anayoiendesha Jax ni Harley-Davidson Dyna, yenye injini inayozidi sentimita za ujazo 1,400. Ya mumeo ni 150. Watu hudhani tofauti ni nguvu na bei tu. Tofauti kubwa zaidi iko kwenye kiti. Pikipiki nyingi za kwenye filamu zina kiti cha mtu mmoja, au kiti cha nyuma kidogo kama kisahani, kwa hiyo kabla mhusika hajasema neno lolote, chombo chenyewe kimeshatangaza kwamba mtu huyu anakwenda peke yake. Boxer ina kiti kirefu na keria ya chuma. Iliundwa ibebe.

Anapoingia mteja karakanani kwangu, huijua familia yake kabla hajanieleza tatizo. Nikiona kipande cha sponji kimefungwa juu ya tenki kwa mpira wa tyubu, najua kuna mtoto mdogo hukaa mbele, na baba hakutaka aungue na chuma kilichopigwa na jua. (Nisieleweke vibaya: sheria inaruhusu abiria mmoja tu, na wote wawili wavae helmeti, nami huwaambia hivyo kila siku.) Nikiona keria ina mafuta yaliyoganda, huyo humpelekea mkewe ndoo za mahamri alfajiri. Sijaona filamu iliyoisogeza kamera karibu na keria namna hiyo, na mtu akiitengeneza nitalipa kiingilio mara mbili.

Lakini kuna kipande kimoja cha zamani kinachonigusa kila nikikitazama, nacho kimo katika Easy Rider ya 1969, filamu ambayo wengi huitaja kuwa ndiyo baba wa filamu zote za kuondoka nyumbani. Wale vijana wawili wanapata hitilafu ya gurudumu na kusimama kwa mkulima mmoja. Kwenye picha moja, upande huu wao wanashughulikia gurudumu, na upande ule mkulima anampigilia farasi wake kiatu cha chuma. Fundi yeyote ataelewa kilichokusudiwa hapo. Kisha wanakaa mezani nje pamoja na mkulima, mkewe na watoto wao wengi, wanakula, na Wyatt, anayechezwa na Peter Fonda, anamsifu mwenyeji wake kwa moyo kwamba anaishi kwa jasho la ardhi yake mwenyewe na anastahili kujivunia. Ndiyo mapumziko ya kweli waliyoyapata safari nzima, na ni kwenye meza ya mtu mwenye familia. Wakaondoka, na mwisho wao ukawa mbaya. Mimi huamini filamu ile ilijua thamani ya meza ile, ingawa mabango yake yaliyobandikwa ukutani kote duniani huonyesha barabara tu.

La pili ni American Chopper, ambayo si ya kutungwa. Ni karakana ya kweli iliyokuwa katika jimbo la New York, Orange County Choppers, ya baba na mwanawe, Paul Teutul mkubwa na mdogo, iliyoanza kuonyeshwa kama mfululizo mwaka 2003. Watu waliipenda kwa magomvi: baba anafoka kwamba mwana amechelewa kazini, karakana ni chafu, kazi haitakwisha kwa wakati, mwana naye anajibu, na viti vinaruka. Mwaka 2008 baba alimfukuza mwanawe kazini, na baadaye wakafikishana mahakamani. Mimi nilifundishwa kazi hii na baba yangu mzazi, kwa hiyo sikucheka kama wengine. Nilikuwa nikitazama mikono yao. Hata siku walizokuwa hawasemezani, mmoja alishika fremu na mwingine akachomelea, na hakuna aliyeuliza mwenzake aishike wapi.

Jambo dogo la mwisho. Klabu ya akina Jax ina makao yake kwenye gereji, Teller-Morrow, na Gemma ndiye anayeshika vitabu vya hesabu ofisini. Kazi halali ya kulisha nyumba ilikuwa pale pale uani kwao tangu siku ya kwanza. Muulize kijana wako kama aliiona.

Kijana wa Bamburi alijibu:

Wazee wangu shikamooni. Mimi naongeza ya Kihindi, kwa kuwa kwetu ndizo zilizotulea. Katika Sholay ya 1975 Jai na Veeru wanapita barabarani wakiimba juu ya pikipiki yenye kigari cha pembeni, na humo urafiki wao unageuka undugu, hata Jai anakubali kufa ili mwenzake apate kuishi na kuoa. Katika Dhoom ya 2004 wezi ndio wanaosifika kwa mwendo wa kasi, lakini kuna Ali, fundi wa pikipiki, ambaye kila akimwona msichana huanza kuota ndoa na watoto. Watazamaji humcheka. Mimi sasa naona ndiye peke yake mle ndani anayewaza nyumba.

Mke wa Mwanaboda, Likoni, alijibu:

Dada yangu wa Mlaleo, nimekaa siku mbili nikifikiri kama niandike.

Mume wangu alianguka na pikipiki mwaka 2019 akirudi nyumbani, akavunjika mguu, akakaa kitandani miezi minne. Helmeti ilipasuka na kichwa kikasalimika, alhamdulillahi. Miezi ile sikuwa na la kufanya usiku zaidi ya kutazama filamu kwenye simu kwa sauti ya chini asiamke, na moja niliyoitazama ni The Place Beyond the Pines ya 2012. Luke ni mchezaji wa pikipiki kwenye maonyesho yanayohama mji hadi mji, anazunguka ndani ya tufe la chuma watu wakipiga makofi. Anagundua kwamba ana mtoto wa kiume. Anaacha kazi ya kuhamahama ili awe karibu na mtoto, na mpaka hapo nilimpenda. Kisha, kwa kuwa kazi aliyoipata malipo yake hayatoshi, anaanza kuibia benki na kukimbia kwa pikipiki ileile. Anauawa na polisi ambaye naye ana mtoto mchanga wa kiume. Miaka 15 baadaye watoto hao wanakutana, na mtoto wa Luke, asiyemkumbuka baba yake hata kidogo, mwishoni ananunua pikipiki ya mtumba na kwenda zake, huku mama yake akibaki na bahasha yenye picha ya zamani ya wao watatu.

Nililia, lakini si kwa ajili ya Luke. Nilimlilia Romina, mama wa mtoto. Kamera inamfuata mwanamume barabarani kwa dakika nyingi, na kwake inafika mara chache tu, mambo yakiwa yameshatendeka. Mume aliyekuwa naye, ambaye ndiye aliyemlea mtoto yule, anapitwa upesi. Dada, umesema filamu zinamtoa baba nyumbani. Mimi naona zinatutoa sisi pia, kwa sababu zikishatoka na mwanamume hazirudi tena ndani kuona nani amebaki.

Mambo ya ndani ni mengi. Kabla ya ajali, pikipiki ya mume wangu ilikuwa na mnyororo uliolegea, na kila akipanda tuta la mwanzo wa mtaa wetu ulikuwa ukigonga kifuniko chake mara mbili, ko-ko. Nilimlalamikia kila juma aupeleke kwa fundi. Lakini usiku nilikuwa nikilala nusu, nikisikia ko-ko nalala kamili. Siku alipoutengeneza nilikosa usingizi mpaka alipobisha mlango. Baada ya ajali alinunua pikipiki nyingine, haina sauti yoyote ya kuitambua, na siku hizi hunipigia simu akivuka feri. Natamani siku moja nione tamthilia ambayo kamera inakaa chumbani na mwanamke anayesikiliza tuta.

Kuhusu mtoto wako, usimkatie tamaa. Wangu alikuwa vivyo hivyo mpaka alipombeba baba yake mgongoni kumpeleka msalani.

Mwalimu Mstaafu, Tudor, aliongeza:

Bi wa Likoni amesema lililo zito kuliko yangu yote, nami nimemsikia.

Mama, uliomba filamu ya Ijumaa, nami nilikuwa nimezama katika Hamlet nikakusahau. Ipo Mask ya 1985, iliyoongozwa na Peter Bogdanovich kutokana na maisha ya kijana wa kweli, Rocky Dennis, aliyezaliwa na maradhi ya mifupa yaliyoubadilisha uso wake na kufariki mwaka 1978 akiwa na miaka 16. Mama yake, anayechezwa na Cher, anaishi na kundi la waendesha pikipiki, wanaume wenye ndevu na jaketi za ngozi ambao kwa sura wangeweza kukaa meza moja na akina Jax; lakini kwa mtoto yule wao ni ami zake, wanamfurahia, wanamtetea, wanajaa nyumbani kwa ajili yake. Rocky ana ramani ya Ulaya ambayo ameichomeka pini kila mahali anapotaka kufika kwa pikipiki siku moja. Hiyo ndiyo filamu uliyoiuliza. Itazame kwanza mwenyewe, kwa sababu mama yule anatumia dawa za kulevya, na kuna maneno ambayo hungependa yasikike uani.

Kwa watoto wadogo, ningeanza na filamu isiyo na pikipiki kabisa, Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948, baada ya vita, mjini Roma. Baba anapata kazi ya kubandika mabango, na sharti ni awe na baiskeli. Baiskeli yake imewekwa rehani. Mkewe anavua mashuka vitandani na kuyapeleka rehani ili baiskeli irudi. Siku ya kwanza kazini inaibwa, na baba na mwanawe mdogo, Bruno, wanaitafuta mji mzima kwa miguu. Mtoto wa mwanaboda hahitaji kuelezwa kwa nini chuma kile ni uhai wa nyumba. Lugha yake ni Kitaliano, na maandishi ya chini watoto hawatayasoma kwa kasi ile, kwa hiyo mkiniruhusu nitakuja niisimulie kwa Kiswahili huku inaendelea, kama wafanyavyo wasimulizi wa filamu kwenye kumbi za mitaani.

Mama wa Mlaleo alirudi:

Nimechelewa kuwajibu, mniwie radhi. Shule zilikuwa zikifunguliwa.

Niliyasoma majibu yenu kwa sauti, mume wangu akila chakula cha usiku. Tulipofika kwa ombi la Jax aliacha kula. Akaniambia kwamba Sons of Anarchy ameitazama yote, misimu 7, kwenye simu yake, stejini, akisubiri abiria, na hakuwahi kunieleza kwa kuwa aliona ni mambo ya ujana. Miaka yote hii sikujua. Alimwita mwanawe, wakakaa barazani, na akamsimulia mwisho wote, pikipiki ya babu, lori, watoto kwenye gari na Abel akiwa ameshika pete aliyopewa na bibi yake. Sikutoka nje. Nilisikia kijana akiuliza, "Na gereji ikaachiwa nani?" na sikusikia alichojibiwa.

Jina kwenye daftari bado lipo. Jana baba yake alimfuata shule, na sikuuliza alimshushia wapi.

Bi wa Likoni, Ijumaa naomba uje ukae karibu nami. Fundi, kama una sehemu za American Chopper zisizo na matusi mengi, tuletee, wavulana wakubwa watazitazama juma linalofuata. Mwalimu, tumekubali kwa mikono miwili. Mume wangu atakufuata Tudor saa kumi na moja jioni ili mvuke daraja la Nyali kabla ya msongamano. Kitambaa cha ndani cha helmeti ya abiria kimefuliwa jana. Mwanangu ndiye aliyekianika.